Kitambaa cha Tatu

Rafiki yangu wa kufa na kuzikana ni fundi bunduki. Siku moja shemeji yake alimletea bunduki ya kuwindia iliyoanza kukosa shabaha. Fundi alikaza skrubu za darubini, kisha akasukuma kitambaa ndani ya mtutu kwa ufito. Kikatoka na mafuta yaliyooza, yakinuka uvundo.

"Shemeji, umeipaka nini?"

"Mafuta ya wanyama ninaowaua. Oili iliniishia."

"Huna hata kinyaa!"

Kitambaa cha pili kikatoka na manyoya mabichi. Cha tatu kikakwama katikati, gizani. Fundi akatega sikio. Humo ndani kitu kilikuwa kinatafuna, taratibu, bila haraka. Akauvuta ufito kwa nguvu. Kitambaa kilikuwa na alama za meno madogo, kimelowa mate, na mate yenyewe yalikuwa bado ya moto.