Majua Mawili katika Picha Moja

Kila asubuhi, kabla ya kufungua kibanda cha kusafisha picha pale Gara de Nord, stesheni kuu ya treni ya Bucharest, Ilinca Bucur alizitoa rola za mashine moja moja, akaziosha kwa maji ya vuguvugu na kuzipanga juu ya gazeti kuukuu zikauke. Zilikuwa kumi na nne. Asubuhi ile ya Juni alikuwa kwenye ya tisa, mikono imelowa hadi viwikoni, mtu alipogonga kioo utadhani anakimbizwa.

"Tumefunga!" alisema bila kugeuka.

"Dada, nakuona. Hamjafunga. Hamjafungua tu."

Akageuka. Alikuwa mwanamume mrefu aliyevaa suti iliyokunjamana, tai ikining'inia mfukoni, kamera mbili shingoni, macho mekundu kwa kukesha. Nyuma yake abiria wa treni za asubuhi walipita wakisukumana na masanduku na ndoo za cheri.

"Bibi harusi anapanda treni ya baharini saa mbili," alisema. "Nimemwahidi mama yake kwamba atazishika picha mkononi kabla mwanawe hajaondoka."

"Nani alikutuma uahidi?"

"Pombe ya plamu, dada. Ile haina adabu."

Ilinca alicheka, akajiziba mdomo kwa mkono wenye povu. Aliona haya, hivyo akaichukua filamu haraka na kuinamia mashine. Mwanamume akakaa juu ya boksi la karatasi na kulala hapo hapo, kichwa ukutani. Picha zilipokuwa tayari alimwamsha kwa kumgusa bega kwa kidole kimoja.

"Lenzi yako ina alama za vidole kama mlango wa shule," alimwambia.

"Nifutie basi. Mimi nimechoka."

"Hata mimi nimechoka."

"Kesho Jumapili. Twende bustani ya Cișmigiu tukachoke pamoja."

Aliitwa Sever Olaru. Siku za kazi alipigia picha gazeti moja la mjini, na usiku wa Ijumaa na Jumamosi alipiga picha za harusi. Jumapili ile walikaa kwenye benchi chini ya kivuli cha miti ya tei yenye maua ya kunukia, Ilinca katika gauni la bluu lenye mistari, Sever katika shati ambalo hakulipiga pasi. Walikula covrigi, mikate ya duara yenye ufuta, na hawakusema mengi. Ilinca alifika nyumbani akajikuta anatabasamu mbele ya sinki.

Tangu hapo simu ya kibanda haikupumzika.

"Ilinca!" aliita Bibi Profira, mwenye kibanda, mama wa makamo aliyepaka rangi nyekundu ya nywele na ya midomo. "Mchovu wako huyo kwenye simu. Mwambie hapa si kwa mama yake."

"Kipenzi," Sever alisema upande wa pili, "yule mama ananipenda, anaficha tu."

Mwezi wa Julai, Sever alipotimiza mwaka mwingine, Ilinca alimpa kioo cha kinga: kioo kisicho na rangi, chembamba, cha kufungwa mdomoni mwa lenzi ili vumbi na vidole visiifikie. Alikifunga yeye mwenyewe, akizungusha taratibu. Sever alikitazama, akamtazama na yeye.

"Sasa hata nikilala juu ya kamera, umenilinda."

Wiki ya kwanza ya Agosti alipiga simu, na sauti yake haikuwa ya utani.

"Mhariri kaniita. Miezi mitatu ya majaribio imekwisha. Kasema nimletee picha moja ya kupatwa kwa jua, ya ukurasa wa mbele. Ikiwa nzuri, naandikwa kazi. Ikiwa mbaya, narudi Bacău kwa mjomba, kwenye kiwanda cha matofali."

"Bacău ni mwendo wa saa tano kwa treni," alisema Ilinca.

"Najua ni saa ngapi, roho yangu."

Ilinca alisomea upigaji picha miaka miwili chuoni, na jambo moja alilijua vizuri. Mwanga mkali unapoingia kwenye lenzi, hurukaruka kati ya vioo vyake. Ukiongeza kioo bapa mbele, jua hujiona humo kama mtu katika dirisha la treni, na kwenye picha hutokea jua la pili, dogo, limepinduka, upande wa pili wa katikati. Watu wa maabara huliita mzuka. Jua likiwa ndani ya picha, hata kofia ya lenzi ya kuzuia mwanga wa pembeni haisaidii. Dawa ni kuondoa kioo chochote kisichohitajika.

Alitaka kumwambia. Jumatatu alinyanyua simu akairudisha. Yeye ni mpiga picha, alijiambia, atakitoa tu. Nimfundishe kazi yake kama nani?

Jumatano ya kupatwa kwa jua ilipofika, nusu ya jengo alilokaa Sever ilikuwa imepanda juu ya paa, na miwani ya karatasi usoni, Ilinca akiwa kando ya Sever. Bibi kizee wa ghorofa ya tatu alileta kiti, sahani ya biringanya za kukaanga, na rozari. Lami ilinuka kwa joto. Sever alikuwa hajalala vizuri siku nne. Aliweka kamera kwenye miguu yake mitatu na kuchagua lenzi pana, apate mitaa na watu wa pale paani sehemu ya chini ya picha, jua juu kwenye kona.

Mwanga ulianza kupungua, ukawa wa kijivu kama maji ya kuoshea brashi. Mbwa wa mtaani walinyamaza. Ilikuwa saa nane na dakika tano. Sever aliinama, akashika ukingo wa kile kioo cha kinga, akaanza kukizungusha.

Ilinca alishusha pumzi. Afadhali, amekumbuka.

"Unakitoa?" aliuliza, na kwa haya zake ikatoka sauti ndogo, ya kukatika.

Sever aliinua kichwa. Aliona uso wake katika ule mwanga mbaya, midomo inatetemeka.

"Hapana, hapana, mpenzi," akasema haraka. "Nafuta vumbi tu." Akakikaza tena.

Ilinca alifungua mdomo. Paa zima likapiga kelele. Giza lilikuwa limefika, na duara jeusi lenye nywele za fedha likasimama juu ya Bucharest. Bibi kizee alikuwa analia. Sever alibofya, akabofya, dakika mbili na ushee, mpaka jua likachomoza upande mmoja kama almasi. Hapo akabofya mara tatu zaidi.

Filamu aliisafisha Ilinca mwenyewe, saa kumi. Ilipotoka, aliinua ile almasi mbele ya taa. Jua lilikuwa zuri kuliko alivyoliona kwa macho. Na upande wa pili, chini, juu ya paji la uso wa bibi kizee, kulikuwa na jua la pili, la kijani, limepinduka. Picha zote tatu. Alimpa bahasha bila kumtazama.

"Vipi?" aliuliza Sever.

"Angalia mwenyewe," alisema, akakimbilia nyuma kuosha mikono iliyokuwa safi.

Kesho yake simu ililia, Bibi Profira akaipokea, na uso wake ukawa mwekundu kama nywele zake.

"Mhariri wa lile gazeti. Anasema mashine yetu imechafua filamu! Anauliza lipi ni jua na lipi ni uchafu wetu! Miaka kumi na moja nafanya kazi hii, mwanangu."

"Nani kamwambia ni mashine?"

"Si kijana wako ndiye aliyempelekea? Nani mwingine?"

Ilinca alirudi kwenye rola zake. Sever alipopiga simu mchana ule, Ilinca alimtikisia kichwa Bibi Profira kukataa. Alipopiga jioni, alitikisa kichwa.

"Yupo, lakini hayupo," Bibi Profira alisema kwenye simu. "Na wewe usinipigie tena, msaliti wa maabara."

Siku tano zikapita hivyo. Ilinca aliosha rola, akakata picha za baharini za watu wengine, akarudi nyumbani miguu imevimba, akalala bila kula.

Siku ya sita simu ilipolia, Bibi Profira alisikiliza kwa muda mrefu, akasema, "Aha," akasema tena, "Aha," akaiweka chini polepole.

"Ni yule mhariri. Anaomba radhi. Siku ile alidhani tu mwenyewe kwamba ni mashine, na kijana alinyamaza. Leo kijana alipokuja kuchukua vitu vyake kasema kosa si la maabara, ni lake, aliacha kioo mbele ya lenzi. Kazi hakupewa." Alitazama saa ya ukutani. "Mwanangu, treni ya Bacău inaondoka saa sita na nusu. Jukwaa la nne."

Ilinca alitoka mbio na aproni yake yenye madoa ya dawa.

Sever alikuwa dirishani, katika behewa la tatu, begi mapajani, macho kayafumba. Ilinca alimgonga mkono kupitia dirisha lililo wazi.

"Kwa nini ulinyamaza?" Ilinca aliuliza akihema.

Alifumbua macho. "Ningesemaje? Kwamba niliacha kioo kwa sababu msichana alitaka kulia?"

"Sikutaka kulia! Nilitaka kukwambia ukiondoe! Wiki nzima nilitaka, nikaogopa utasema najifanya mwalimu."

Sever alimkodolea macho. Kisha akacheka, kicheko kifupi cha mtu asiye na nguvu.

"Na mimi nikaogopa utaona naitupa zawadi yako. Tazama watu wawili wenye akili."

Filimbi ikalia. Mama mwenye kapu la plamu, aliyekaa mbele yake, aliacha kula.

"Ilinca, hapa sina kazi tena."

"Sijataja kazi."

"Umetaja nini basi?"

Ilinca alitazama chini. Jukwaa zima lilikuwa na watu. Wengine walikuwa wameshageuka.

"Sema, binti," alisema mama wa plamu. "Treni haina subira."

Ilinca aliushika ukingo wa dirisha kwa mikono miwili.

"Nakupenda, Sever!" alisema, kwa sauti ambayo hajawahi kuitoa hadharani. "Nimechoka kukupenda kimyakimya. Usiende. Shuka."