Imepokelewa na Nani?

Saa tatu asubuhi mkaguzi alifungua stoo ya hospitali akakuta rafu tupu. Kompyuta ilisema taa sita za buluu, za kutibu vichanga wenye umanjano, zimo humo tangu mwezi uliopita. Vumbi la rafu lilikuwa limelala laini, halijaguswa hata kwa kidole, na jua la dirishani lilielea juu yake polepole.

Mama Stoo alisimama mlangoni, ufunguo mkononi. Mganga mkuu alishasema taa zisipoonekana hadi jioni, mama huyo atakabidhiwa polisi, naye alikuwa karibu kustaafu.

Wengi walimnyooshea kidole dereva. Alipohojiwa alicheka: gari lake lilikuwa juu ya mawe gereji mwezi mzima, je, angezibeba kichwani?

Mkaguzi akamwomba Mama Stoo amwonyeshe anavyofanya kazi kwenye mfumo wa manunuzi. Oda ikishatumwa, hubonyeza kitufe palepale. Kitufe kiliandikwa *Imepokelewa*.

"Taa ni nyingi, mama. Si ingeandikwa *Zimepokelewa*?" mkaguzi aliuliza.

"Taa tena? Hiyo ni oda, mwanangu. Imepokelewa na mwenye duka. Mimi nabonyeza, halafu nasubiri."

Mkaguzi akaelewa. Kwa mfumo, kitufe hicho kilimaanisha mzigo umeshafika. Duka hulipwa na hakuna anayefuatilia tena. Akarudi nyuma kwenye kumbukumbu za mfumo. Zamani kitufe kilisomeka *Mzigo umepokelewa*. Aliyeomba kifupishwe ni afisa manunuzi, ambaye tangu hapo aliongoza kwa kasi ya kufunga oda, na watumiaji wakaupa mfumo nyota tano. Ofisi nzima ilimwita Nyota Tano.

Mkaguzi alimpeleka afisa huyo wodini. Vitanda vya vichanga vilikuwa vimesogezwa dirishani, vikifuata kipande cha jua.

"Ulijua Mama Stoo anakielewa kitufe vingine?" mkaguzi aliuliza.

"Nilijua. Zamani oda zilikaa wazi wiki nzima, watu wakininung'unikia. Baada ya pale zikafungwa papo hapo, wote wakaridhika."

"Alipouliza taa ziko wapi?"

"Nikasema ziko njiani."

"Na alipoitwa mwizi?"

Wingu lilipita, vitanda vikaingia kivulini. Kina mama waliinua macho dirishani, wakangoja.

"Nikanyamaza," alisema Nyota Tano.

Mama Stoo alikuwa nyuma yao, amesikia yote. Hakumtazama.

Alasiri taa zilifika. Kumbe zilikuwa bado dukani, zimeshalipiwa, na hakuna aliyezifuatilia hadi mkaguzi alipopiga simu. Zilipowashwa, wodi nzima ikageuka buluu na vichanga wakaendelea kulala. Mama Stoo alizigusa moja moja.

"Zimepokelewa," alisema, akajifuta machozi.