Mate ya Mzee Lekishon

Naisula alikuwa akikamua ng'ombe, akamwaga nusu ya maziwa. Moyo wake haukutulia. Tangu wageni waondoke jana, hakuna kazi iliyomwendea vizuri.

Wageni hao walikuja kijijini Terrat na vichupa vidogo. Kiongozi wao, Prosper, alimwomba baba mkwe wa Naisula, mzee Lekishon, ateme mate kwenye kichupa kimoja. Mzee alifurahi. Kwa Waarusha, mzee akikutemea mate amekubariki. Akatema kwa moyo mweupe, akawatakia safari njema. Hakuuliza kitu, wala hakuelezwa kitu.

"Baba, wanayapeleka wapi yale mate?" Naisula alimuuliza mzee.

"Baraka haiulizwi, mwanangu."

Naisula hakuridhika. Akamfuata jirani yao Magdalena, muuguzi wa zahanati.

"Walionyesha kibali cha utafiti?" Magdalena aliuliza.

"Hapana. Walisema tu kwamba leo wanasafiri nje ya nchi."

Magdalena akaweka chini ungo aliokuwa akipepetea. Wakaenda pamoja kwa mzee.

"Shikamoo, mzee. Mate yana vinasaba. Humo mna habari za mwili wako, za watoto wako na za wajukuu ambao hawajazaliwa. Nchi yetu ina sheria za kuvilinda. Mtafiti lazima awe na kibali. Lazima akueleze, ukubali mwenyewe. Kuvipeleka nje nako kuna kibali chake."

Mzee akasimama kwa hasira. "Niliwapa baraka. Sikuwapa wajukuu wangu."

"Haraka haraka haina baraka," Magdalena alisema, "lakini leo polepole itatuponza."

Wakapanda bodaboda mpaka mjini, Ngarenaro, kwenye nyumba ya wageni alikofikia Prosper. Prosper alikuwa akifunga mizigo.

"Kibali kiko wapi?" Magdalena aliuliza.

"Tunakifuatilia."

Mzee akamsogelea. Akanyoosha mkono. Prosper akamrudishia kichupa chake, uso chini. Magdalena akampigia simu mganga mkuu wa wilaya, na vichupa vyote vya wanakijiji wengine vikazuiliwa.

Miezi ikapita. Prosper akarudi na kibali, akaeleza utafiti wake kwa Kimaa, lugha ya mzee, bila haraka. Mzee aliuliza maswali mengi. Akakubali mate yake yapimwe hapa nchini. Kuyapeleka nje akakataa, na Prosper akaafiki. Ndipo mzee akatema kwenye kichupa.

Kisha akakishika kiganja cha Prosper, akakitemea.

"Hii ndiyo baraka," alisema. "Hii nenda nayo popote."