Bastola Chini ya Kiti cha Dereva

— Niachie mkono, Wílmar. Unaniumiza.

— Nikuachie uende wapi? Miezi mitano, Deyanira! Miezi mitano unanijibu vimeseji viwili vitatu kama unamjibu jirani!

Walikuwa wamesimama uwanjani pa zahanati, Port-au-Prince, jua la saa nne asubuhi likiwachoma utosini. Wagonjwa kwenye mabenchi walikuwa wameacha hata kugumia, wanatazama. Kihispania hawakijui, lakini ugomvi wa mapenzi nani asiuelewe?

Deyanira alikuwa nesi, mzaliwa wa Quibdó, Kolombia. Alipata kazi kwenye shirika la misaada ya matibabu, akaja Haiti peke yake, hana ndugu wala jamaa. Siku ya safari, mchumba wake huyu, askari wa zamani, alimtumia ujumbe: "Ukipanda hiyo ndege, mimi na wewe basi." Alipanda. Alilia tangu mawinguni mpaka chini, lakini alipanda. Juzi simu yake ikalia: "Niko Port-au-Prince. Nimekuja kukuchukua." Na tuseme ukweli, moyo wake uliruka kwa furaha, maana alikuwa bado anampenda. Hilo ndilo lililomponza.

— Frénel, Frénel, kila siku Frénel, Wílmar akasema, akizidi kumminya kifundo cha mkono. Huyo dereva unalala naye?

— Frénel ananipeleka kazini na kunirudisha nikiwa hai. Basi.

— Nimekuuliza, unalala naye?

— Wewe umechanganyikiwa.

Kofi likatua. Bibi mmoja kwenye benchi akapiga ukelele. Deyanira hakulia. Alishika shavu tu, akamtazama mtu aliyempenda miaka sita kana kwamba anajaribu kukumbuka jina lake.

Kabla hajafungua kinywa, geti likasukumwa kwa kishindo. Wanaume wawili waliingia wakikimbia na toroli, na ndani ya toroli alijikunja Mimose, mama muuza mkaa, paja limefumuliwa na risasi ya kupotea. Damu ilikuwa inachuruzika hadi kwenye gurudumu.

Deyanira akasahau kofi. Akazamisha vidole kwenye jeraha, akaubana mshipa.

— Huyu anataka upasuaji! Frénel! Washa gari! Hospitali kuu, sasa hivi!

Kufika hospitali lazima uvuke kizuizi cha genge. Gari lao lilivuka kila siku kwa sababu moja tu: halikuwahi kubeba silaha, hata kisu cha kumenyea ndizi. Ndiyo maana kila anayepanda hupapaswa kwanza, awe nani, hata daktari mkuu. Polisi walilijua hilo, na genge walilijua.

Mimose akapandishwa, Deyanira juu yake, vidole havibanduki. Wílmar naye alikuwa ameshashika mlango.

— Mwanamke wangu haendi popote na huyu peke yake.

— Bwana, nyanyua mikono nikupapase, Frénel akamwambia kwa Kikrioli, lugha ya Haiti.

— Anasema nini huyu?

— Frénel, hakuna muda! Deyanira akapayuka. Huyu ni wangu, mwache apande!

— Mis Deya, lakini sheria...

— Nimesema ni wangu! Twende!

Frénel alikuwa mtu wa miaka arobaini, mpole, haendeshi gari bila kusali. Alisita. Kisha akamwangalia Mimose anavyogeuka rangi, akafunga mlango, Wílmar ameshakaa nyuma ya kiti cha dereva, akashika usukani.

Kizuizini kulikuwa na mifupa ya basi lililoungua na matairi yamepangwa njia nzima. Frénel akapunguza mwendo, akashusha vioo, akaweka mikono yote miwili juu ya usukani. Vijana watano wenye bunduki walijitokeza. Mkubwa wao waliyemwita Ti Klou, yaani Kamsumari, alikuwa mfupi, macho mekundu.

— Mikono juu, wote!

— Siwezi, Deyanira akasema. Nikitoa mkono, huyu anakufa.

Kamsumari akachungulia.

— Huyu si Mimose wa mkaa? Haya, Mis, shika hivyo hivyo. Nyie wengine, shukeni!

Ingekuwa siku nyingine wangeishia hapo. Lakini kijana mmoja aliingiza mkono chini ya kiti cha dereva, akapapasa, na uso wake ukabadilika. Mkono ulitoka na bastola.

Deyanira akamtafuta Wílmar kwa macho. Wílmar alikuwa anaangalia mlimani, kijasho chembamba kinamtiririka shingoni. Deyanira hakuhitaji kuuliza ni ya nani.

Kitako cha bunduki kikampata Frénel mdomoni. Akaanguka, akatema damu na vipande vya meno.

— Miaka mitatu unapita hapa, Frénel! Kamsumari alikuwa analia kabisa kwa hasira. Miaka mitatu nakupungia mkono! Kumbe unawabebea polisi bunduki?

— Si yangu! Naapa kwa roho ya mama yangu!

— Iko chini ya tako lako, si yako?

Wakampiga mateke ya mbavu na uso, moja, mawili, matatu. Kila teke lilisikika mpaka ndani ya gari. Kijana mmoja akaburuta tairi, wakamvika shingoni. Mwingine akaja na dumu la petroli.

— Na huyu mzungu anasemaje? Kamsumari akamgeukia Wílmar. Haiti mgeni yeyote huitwa mzungu, hata awe mweusi kama chungu. Mis, mtafsirie! Bunduki ni ya nani?

Deyanira akauliza kwa Kihispania. Wílmar akajibu upesi, sauti ya chini:

— Waambie ni ya dereva.

— Nini?

— Waambie niliona akiificha! Hawa wote ni watu wa huku, acha wamalizane. Sema, mpenzi wangu, sema tuondoke tukiwa hai!

Pale barabarani hakuna mwingine aliyeelewa neno. Deyanira alikuwa amebana mshipa wa Mimose, ganzi imempanda mpaka bega. Akisema kweli, mwanaume aliyempenda angevikwa lile tairi. Akinyamaza, Frénel angechomwa mbele ya macho yake, na ni yeye mwenyewe aliyemfokea Frénel amwache mtu apite. Harufu ya petroli ilikuwa imeshaanza kumfika.

— Anasema ni ya dereva, akatamka kwa Kikrioli.

Vijana wakashangilia. Frénel akafumba macho.

— Lakini anadanganya! Deyanira akapaza sauti. Bastola ni yake! Dereva alitaka kumpapasa, mimi nikamkataza. Dereva hana kosa. Ni letu sisi wawili!

Kamsumari akasogea dirishani.

— Huyu ni nani kwako?

— Mchumba wangu.

— Hee! Mmemsikia Mis? Anamtoa mchumba wake!

— Simtoi. Nasema kweli, basi. Na sikiliza, Ti Klou. Ukimchoma mtu yeyote mbele ya gari hili, zahanati inafungwa kesho. Wewe unajua. Vijana wako watavuja damu barabarani, na hakutakuwa na mtu wa kuwatia kidole kwenye jeraha kama mimi hapa.

Kamsumari alikuna kidevu. Akamtazama Mimose, akatazama tairi, akatema mate.

— Mvueni.

Wakamvua Frénel lile tairi. Wílmar akashusha pumzi, akaanza hata kutabasamu, masikini. Hakuelewa maneno yaliyofuata.

— Lakini aliyeleta bunduki kwangu haondoki na mkono mzima.

Wakamkamata watatu, wakabandika mkono wake wa kulia juu ya boneti. Kamsumari akatumia ile ile bastola ya Wílmar. Mlio mmoja. Wílmar alipiga yowe.

— Deya! Nisaidie, Deya!

Machozi yalikuwa yanamtiririka Deyanira, na hana mkono wa kujifuta. Akausukuma mkoba wa dawa kwa mguu mpaka mlangoni.

— Mikono yangu ina kazi. Bandeji hizo. Kaza kwa meno.

Frénel ndiye aliyeendesha, jicho moja limefumba, kinywa kimejaa damu. Wílmar alijikunja nyuma, mkono kifuani, mpaka hospitali.

Mimose alipokelewa mlangoni, akaingizwa moja kwa moja chumba cha upasuaji. Ndipo vidole vya Deyanira vikaachia. Daktari wa zamu, hoi kwa uchovu, akamtupia kadi za rangi.

— Mis, nigawie hao wako. Wapo ishirini mbele.

Deyanira akamvalisha Frénel, aliyekuwa akipumua kwa shida kwa zile mbavu, kadi ya njano, ya wasioweza kungoja sana, naye akasaidiwa kuingia ndani. Wílmar alivalishwa ya kijani.

— Kijani ndiyo nini?

— Anayeweza kutembea. Anasubiri mwisho.

— Nimepigwa risasi, Deyanira! Mimi mchumba wako!

— Kaa kwenye benchi.

— Ulitaka niuawe kwa ajili ya dereva!

— Wewe ulitaka achomwe moto, Deyanira akasema. Kwa kinywa changu mimi.

Wílmar akainamisha kichwa, akalia kama mtoto.

— Nilifanya kwa mapenzi. Nilikuja kukuchukua turudi nyumbani.

Deyanira alimpenda bado. Hilo ndilo lililokuwa linamuuma kuliko lile kofi.

— Nilikuja nchi hii peke yangu, Wílmar. Nilikuwa naogopa, lakini sikubeba bunduki. Wakishakushona, panda ndege.

— Na wewe?

— Mimi nabaki.

Akageuka, akaingia ndani bila kuangalia nyuma. Frénel alikuwa amelazwa pembeni, uso umevimba, mdomo umejaa pamba. Deyanira akapiga magoti karibu na kitanda.

— Nisamehe, Frénel.

Frénel alitazama dari.

— Sijui bado, Mis, akasema taratibu. Kaa hapa kwanza.

Akakaa.