Tofali la Babu Yassine

Kila siku Hawa alipotoka shule alitupa mfuko wake wa madaftari kitandani, akala haraka, kisha akaenda gereji ya babu yake kando ya barabara kuu ya mtaa wa Kasuku, mjini Kindu. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, na kazi yake haikuwa ndogo. Mikono ya Babu Yassine ilikuwa bado inajua magari, lakini macho yake yalikuwa yamechoka na hayakuweza tena kusoma namba. Kwa hiyo Hawa ndiye aliyepima na ndiye aliyeandika kwenye daftari la gereji. Lile aliloliandika, babu alilisema kwa wateja bila kuliuliza mara mbili.

Kipimo chenyewe kilikuwa tofali moja la kuchoma, lenye pembe iliyovunjika. Hakuna gari lililotoka pale kabla ya kupimwa nalo. Watu wanne waliingia ndani, tofali likasimamishwa kwa ubavu chini ya tumbo la gari, na kama tumbo liligusa tofali, gari halikwenda. Wateja wengine walicheka. Babu aliwaacha wacheke, kisha akawaambia waingie ndani wapimwe.

Wiki ile alikuja kijana mmoja anayeitwa Florentin. Alikuwa amerudi kutoka Kinshasa na gari jeusi linalong'aa, na ndani ya sanduku alileta resori nne fupi, springi za kubeba gari, pamoja na amotisa zake, yale mabomba yanayozuia gari lisirukeruke. Alitaka gari lake lishuke chini, kama alivyoyaona ya wakubwa kule mjini. Jumamosi dada yake, Fifi, angeolewa, na gari hilo ndilo lingembeba bibi arusi mbele ya msafara.

"Babu, gari ya arusi haiwezi kusimama juu sawa camion ya mihogo," alisema.

"Nitaiweka," babu alijibu. "Lakini tofali njo itasema kama inatoka."

Ijumaa mchana kazi ilikuwa imekwisha. Babu alinawa mikono, akavaa kanzu yake na kofia. "Hawa, mie naenda kusali. Ita majirani wane, wakae ndani, upime. Usipime gari tupu, umesikia?"

"Nimesikia, babu."

Alisikia, na alikusudia kutii. Lakini mara tu babu alipopinda kona, Euphrasie, rafiki yake wa mtaa mmoja, alitokea mbio. Mchezo wa nzango, ule wa kuruka na kurushiana miguu, ulikuwa unaanza, wasichana wa mtaa wa Mikelenge walikwisha kufika, na timu yao ilikosa mtu mmoja.

"Kuja sasa hivi! Tunakungojea wewe tu!"

Hawa alitazama huku na huku. Majirani wanne wangepatikana wapi saa ile, wengine wako msikitini, wengine sokoni? Akasukuma tofali chini ya gari tupu. Lilipita vizuri, hata likabaki na nafasi ya vidole viwili. Akachukua kalamu, akaandika: *Watu wanne ndani. Tofali limepita.* Kisha akakimbia kwenda kurusha miguu na wenzake.

Walishinda. Hawa alirudi akiimba, vumbi hadi magotini, akamkuta babu amekwisha kurudi, Florentin amewasomea daftari na kushika ufunguo, na Fifi akilizunguka gari kwa furaha.

"Babu, kusema kweli nilikuwa na woga," Fifi alisema. "Kesho tunaingia nyuma watatu, mie na mama na shangazi, na unajua mama ni mutu munene. Nikawaza pale tunapovuka reli. Lakini kama tofali yako imepita, siogopi tena."

"Hawa amepima," babu akasema. "Imeandikwa."

Hawa akalichukua daftari, akalifunga. Florentin akawasha gari, akaenda. Usiku ule Hawa hakupata usingizi. Kila alipofumba macho aliliona gari jeusi limekaa juu ya reli kwa tumbo, na Fifi ndani yake na gauni lake jeupe.

Jumamosi alfajiri alimkuta babu akitawadha uani. Alisimama mpaka babu amalize kusali, maana hakuthubutu kumkatiza.

"Babu, nilisema bongo, si kweli. Nilipima gari tupu. Nilienda nzango."

Babu Yassine hakumpiga wala hakupaza sauti. Hawa angependa apaze sauti. "Beba tofali," alisema tu, "twende."

Hawa alilibeba tofali kichwani kupita nusu ya Kasuku. Wauza mikate walimuuliza kama anakwenda kujenga. Aibu ilimshika, lakini hakulishusha.

Kwa kina Florentin wanawake walikuwa wakimsuka bibi arusi. Hawa alilisimamisha tofali chini ya gari. Babu aliomba watu wanne waingie garini, na mama yake Fifi awe mmoja wao. Gari lilishuka, likashuka tena, na tumbo likalikalia tofali. Hawa alilivuta kwa mikono miwili, halikutoka. Magurudumu ya nyuma yalikuwa yamegusa bodi.

Florentin alikasirika. "Babu! Jana ulisema iko sawa!"

Babu hakumnyooshea mtu kidole, alingoja tu. Hawa akajua anangojwa nani.

"Ni mie, yaya Florentin," akasema. "Babu aliniambia nipime na watu. Sikufanya, nikaandika nimefanya. Unisamehe."

Fifi alitazama tofali chini ya gari, halafu akamtazama Hawa. "Ni heri umesema hapa kuliko kwenye reli," alisema. "Babu, funga resori za zamani. Padri atangoja."

Resori za zamani zilikuwa bado ndani ya gari, na funguo, yaani spana, zikaletwa kutoka gereji. Walifunga zile za nyuma tu, na amotisa zake, maana muda haukutosha. Hawa alishika funguo na kuhesabu nati, kisha wale wanne wakaingia tena, na tofali likapita. Msafara ulichelewa saa nzima, na gari likaenda limeinamisha pua kama mbuzi anayekula majani. Lakini kwenye reli, mbele ya macho ya Hawa na babu, lilivuka na watu wake wote, honi zikapigwa, na Fifi akapunga mkono dirishani.

Njiani kurudi, babu alisimama kupumua.

"Wakati wa vita," alisema, "treni haikufika, chombo cha mtoni hakikufika, hata msumari ulikuwa taabu. Dereva mumoja, Okito, akaleta gari lake, resori imevunjika. Nikakata ingine kwa msumeno, ikawa fupi, nikapima gari tupu. Niliogopa ataenda kwa fundi mwingine, nikamwambia iko sawa. Akajaza watu waliokimbia, akashika njia ya Lubutu. Kwenye kijito tumbo likagonga jiwe, bomba la breki likakatika, gari likarudi nyuma majini. Watu walitoka. Mguu wa Okito haukupona mpaka leo."

"Yule mzee wa fimbo anayepita gereji?"

"Njo yeye. Baada ya miezi miwili akaja kwangu na fimbo ile, na mkono mwingine ameshika tofali hii. Hakunitukana. Akasema, 'Yassine, pima na hii, na watu ndani.'"

Hawa alilishusha tofali, akalishika kifuani.

"Kukosea, kila fundi anakosea, mwanangu," babu akasema. "Hiyo inarekebishwa na funguo. Lakini ukisema umepima na hukupima, mutu anaweka mama yake juu ya neno lako. Kazi yetu si resori. Ni hilo neno."

Walipofika gereji Hawa alifungua daftari. Alitaka kufuta mstari wa jana, babu akamzuia. Basi akaandika chini yake, kwa herufi kubwa: *Si kweli. Sikupima na watu. Nimepima tena Jumamosi. Hawa.*

Mstari huo upo mpaka leo. Mteja akilicheka tofali, Hawa humfungulia ukurasa ule, humwacha asome mwenyewe, kisha humwita jirani wa kwanza aingie ndani ya gari.