Bamba Mama Lililong'aa Mno

Jichopima, mashine ya kupima unene, halikugusa bati hata siku moja. Lilipiga mwale kutoka juu, likasoma kiasi kilichopenya hadi chini, kisha likatangaza kwa majivuno: "Milimita mbili kamili!" Mabati ya alumini yalipita mbio chini yake, na kila moja lilisifiwa hivyo hivyo, kama watoto wa mwalimu mkuu.

Leo Tunu Mkwizu, mhandisi wa vipimo wa kiwanda hicho cha Tanga, hakutulia. Alikaa, akainuka, akakaa tena. Saa sita mchana chombo cha kumi kilichovikwa mabati kama yale kingeruka kwenda mwezini, na bintiye Sabra alikuwa ndani.

Akavuta bati moja la mita moja ya mraba, akaliweka kwenye mizani kuukuu. Kwa unene wa milimita mbili, alumini lazima iwe na uzito wa kilo tano na gramu mia nne. Mizani ikasema kilo tano na mia moja.

"Mizani imezeeka," Jichopima likasema.

"Hata mimi nimezeeka, lakini hesabu bado najua."

"Bi mkubwa, unagombana na mashine?" Mzee Shekiondo, mtunza mtambo, akacheka. Mkononi alishika bamba mama, kipande ambacho Jichopima lilioneshwa kila asubuhi ili lijue milimita mbili ni kitu gani. Liling'aa, ungeweza kujitazama ukanyoa ndevu.

"Unalisafisha na nini, mzee wangu?"

"Majivu na makumbi ya nazi. Miaka kumi na moja sijaruka siku. Si wewe ulisema nilisugue kama sufuria la mkwe?"

Tunu alisema, kweli. Ulikuwa utani wa siku yake ya kwanza kazini.

Tunu akalibana bamba kwenye maikromita: milimita moja nukta nane tisa. Kila asubuhi lilikuwa limekonda kidogo, na Jichopima, mwanafunzi mtiifu, likakonda nalo, likiuita wembamba ule milimita mbili.

Akapiga simu kituo cha kurushia. "Simamisheni! Kipimo kimeharibika, mabati ni membamba."

Sauti ya Sabra ikaingilia kutoka chomboni. "Mama, usianze! Tumeshafunga mikanda."

"Fungua, mwanangu. Shuka."

Mkuu wa kituo akauliza, "Nani kaharibu kipimo?"

Shekiondo akaficha mikono mgongoni.

"Mimi," Tunu akasema.

"Tangu lini?"

Tunu akaishusha simu. Aliinua macho darini, kana kwamba angeweza kuviona vile vyombo tisa vilivyokwisha kupanda, na watu waliolala humo wakiwa wameegemea ukuta.