Mume Wangu Alinifundisha Kona kwa Uongo

Nilienda kumfumania mume wangu na mwanamke.

Nikamkuta anafundisha.

Na alichokuwa anafundisha ndicho kilichoniumiza kuliko fumanizi lenyewe...

Ngoja niwaeleze taratibu, maana najua mtasema mwenzenu nimechanganyikiwa.

Mimi ni fundi wa kushona viti vya pikipiki. Mtaani wananiita Mama Pacha. Mume wangu wanamwita Kocha. Zamani alikuwa anakimbiza pikipiki kwenye uwanja wa mashindano hapa kwetu, mpaka goti likamgomea. Muda wake wa mzunguko mmoja hajauvunja mtu hadi leo.

Nilipomwambia na mimi nataka kukimbia, alifurahi. Akasema atanifundisha mwenyewe.

"Kwenye kona kaa katikati ya kiti," aliniambia. "Mgongo wima. Shika usukani kwa nguvu. Pikipiki ndiyo ilale, wewe usilale."

Nikamwamini. Nisimwamini mume wangu, nimwamini nani?

Kwenye njia iliyonyooka nilikuwa naruka kama risasi. Lakini kona... kikanyagio kilikuwa kinasugua lami hadi cheche zinatoka.

"Ni kawaida, mke wangu," ananiambia. "Unaendelea vizuri. Bana mikono zaidi."

Nikabana.

Siku moja, kona ya mwisho, pikipiki ililala hadi tairi likaachia. Niliburuzwa mpaka kwenye mchanga. Nikavunjika mtulinga, huu mfupa unaoshika bega.

Jamani, Kocha alinihudumia. Alinilisha kwa kijiko. Aliniosha nywele kwenye beseni. Alifua sare za pacha na kuzipiga pasi. Shoga zangu wakawa wananiambia, mwenzetu umepata mume.

Nikapona, nikarudi uwanjani, nikaendelea kubana mikono.

Ndipo mchana mmoja nikiwa kibandani kwangu kwenye cherehani, ujumbe ukaingia kutoka namba nisiyoijua.

"Mumeo yuko uwanjani na mwanamke. Nenda ukaone."

Kocha alikuwa ameniaga kwamba anaenda kutafuta spea.

Niliacha sindano imezama kwenye kiti cha mteja, nikaondoka.

Uwanjani kulikuwa kimya. Nikajibanza nyuma ya matairi yaliyopangwa pembeni ya kona ya mwisho. Ndiyo, hiyohiyo.

Mwanamke alikuwa amekaa juu ya pikipiki iliyowekwa kwenye stendi, helmeti kichwani. Mume wangu amesimama pembeni, mkono wake kwenye kiuno cha huyo mwanamke.

Nikavua kandambili. Nilikuwa tayari kwa lolote.

Kisha nikasikia.

"Kabla hujaingia kona, toa tako moja nje ya kiti. Paja la upande wa pili libane tangi, hilo ndilo likushikilie. Mikono ilegee. Kifua kishuke, kichwa kiende ndani ya kona, macho yatazame unakotokea. Ukitoa mwili hivyo, pikipiki hailali sana. Tairi linapata pa kushika."

Kila neno lilikuwa kinyume cha aliyonifundisha mimi.

"Na nikikaa katikati, mgongo wima, nikabana mikono?" mwanamke akauliza.

"Kwa kasi ya mashindano? Utaanguka," Kocha akasema.

Mwanamke akavua helmeti.

Wifi yangu. Mdogo wake Kocha, wa tumbo moja.

Akageuka, akatazama moja kwa moja pale nilipojificha.

"Wifi, toka huko. Umesikia?"

Kocha akaruka kama aliyeguswa na umeme.

"Ule ujumbe nimeutuma mimi," wifi akasema. "Kaka aliniambia wewe hufundishiki, unakaa hivyo kwa ubishi. Lakini juzi nilikukuta kibandani unajizoeza hivyohivyo, unanung'unika, 'Kocha amesema nibane.' Ningekwambia kwa mdomo, ungesema nakuchonganisha na mumeo."

Nikamgeukia mume wangu.

"Baba Pacha, ulijua nitaanguka?"

"Sikujua utaumia vile. Nilitaka tu... uende polepole. Nilikuogopea."

Karibu nimwamini. Sitawaficha, ilibaki kidogo.

"Mbona mimi hukuniogopea?" wifi akamuuliza. "Mimi si damu yako?"

Kocha akatazama lami. Alipoongea, aliongea na dada yake, si na mimi.

"Wewe ukiuvunja muda wangu, jina linabaki la kwetu. Huyu akinipita, watu watasema Kocha kapitwa na mkewe."

Huyu.

Nimemzalia pacha, nimekaa naye miaka yote hiyo, kumbe mimi ni "huyu".

Sikulia pale. Nililia kibandani, nikikumbuka kile kijiko. Kila alipokileta mdomoni mwangu, alikuwa anajua kwa nini siwezi kuinua mkono.

Wifi ndiye aliyenifundisha upya. Tulianzia kibandani kwangu, pikipiki ikiwa kwenye stendi. Toka kulia, rudi, toka kushoto, hadi mapaja yakawaka moto. Uwanjani mikono ilinishinda, maana ilishazoea kubana.

"Wifi, legeza," alikuwa ananiambia. "Paja ndilo likushike."

Siku ilipokubali, nilijua. Niliingia kona ya mwisho kwa kasi ileile iliyoniangusha, mwili nje, kichwa chini... na pikipiki ikapita imetulia. Hakuna cheche. Nilicheka peke yangu ndani ya helmeti, kisha nikalia humohumo.

Jumapili iliyopita ndiyo yalikuwa mashindano. Wifi alikuwa wa pili. Mimi wa kwanza. Muda wa Kocha sikuuvunja, ila niliusogelea hadi watu wakasimama.

Kabla hatujapewa vikombe, Kocha akapanda jukwaani bila kuitwa. Akachukua kipaza sauti.

"Hawa wote nimewafundisha mimi. Mke wangu na dada yangu."

Watu wakapiga makofi. 

Mtangazaji akanisogelea. "Mama Pacha, mume kama huyu unamwambia nini?"

Nilikuwa na maneno ya kujaza gunia. Lakini pacha walikuwa pale mbele, wanampungia baba yao mkono.

"Aliyenifundisha kona ni wifi yangu," nikasema. "Kocha mwulizeni mwenyewe alinifundisha nini."

Akaulizwa. Akakiweka kipaza sauti chini. Akashuka na hakutazama nyuma.

Leo nawaandikia kutoka sebuleni kwa wifi, nilikohamia baada ya mashindano, pacha wanafanya kazi za shule mezani. Mama mkwe ananipigia simu tangu asubuhi.

"Hajakupiga, hajakuletea mwanamke," anasema. "Sasa mwanangu unakimbia nini?"

Nimeshindwa kumjibu mama wa watu, ndiyo maana nimewaandikia nyinyi.

Usaliti hauji na mwanamke wa nje kila mara. Mwingine anakwambia "unaendelea vizuri" huku anakuona unakwenda kuvunjika, na bado anakaa kimya kwa sababu anaogopa utampita.

Mtu anayekupenda kweli atakufundisha hata kile kitakachokufanya umshinde.